Riwaya ikikuchosha, iache

Dada yangu, pole. Unasema umefika ukurasa wa 200, mjane na mpelelezi wamependana ghafla, muuaji ulishamtambua tangu sura ya tatu, na sasa hujui uendelee au uache. Acha, wala usijilaumu.

Hadithi ya mapenzi na taharuki ina kamba mbili zinazosokotwa pamoja: hofu iwasogeze wapendanao, na mapenzi yenyewe yaongeze hatari. Huyo mjane wako anasikia kitasa kikizungushwa usiku wa manane, naye anawaza macho ya mpelelezi! Mtu mwenye hofu huburuta meza mlangoni, humpigia jirani simu. Mwandishi akimnyima mhusika akili ili kisa kisonge mbele, msomaji huacha kumhurumia.

Mimi moja ya namna hiyo niliifunga kwenye basi la kutoka Jinja, hata msitu wa Mabira hatujaumaliza. Iliniuma, maana niliinunua kwa hamu.

Safari ijayo soma kurasa kumi ukiwa bado dukani. Na ukiipata, jaribu Rebecca ya Daphne du Maurier, ya mwaka 1938: msimulizi hatajwi jina hata mara moja, lakini woga wake utausikia mwilini.