Jioni za Amu kwa mgeni asiyetaka gharama

Mwalimu, umesema umehamishiwa Amu, yaani mji wa Lamu, kutoka Nakuru, jioni za katikati ya wiki zinakushinda, humjui mtu na mfuko hauruhusu. Hapa usingoje tangazo wala tikiti. Jua likipoa nenda Mkunguni, ule uwanja ulio mbele ya Ngome. Wazee wako kwenye bao, wengine drafti au dhumna. Usijitenge pembeni na simu yako. Simama nyuma ya mchezaji, tazama kete zinavyotembea, punde mtu atakusogezea nafasi. Kutazama ni bure, na kikombe cha kahawa tungu hakimfilisi mtu. Ila usithubutu kumwambia mchezaji acheze wapi, utachukiwa usiku wa kwanza!

Rudi palepale, saa zilezile. Ukibadilisha baraza kila siku utabaki mgeni mpaka uhamisho mwingine. Wakishakuzoea uso, utaanza kusalimiwa njiani hata mchana.

Vijiwe hivi ni vya wanaume zaidi, nisikufiche. Kama umekuja na mkeo, yeye aanzie kwa majirani wa kike, na wakimwalika arusini asikatae.