Mafuta kuganda Nakuru, na swali la alizeti ya kijijini

Dada uliyehamia Nakuru kutoka huku kwetu Kisumu ukakuta mafuta yameganda chupani asubuhi, hujauziwa feki. Umeuliza pia kama sasa uachane na mafuta ya mchanganyiko ya dukani ununue alizeti iliyokamuliwa kijijini, kwa sababu mzee wa nyumba ana presha. Mimi nauza samaki wa kukaanga, na kwa mama mkwe upande wa Bungoma alizeti hulimwa na mashine ya kukamua haiko mbali na boma. Mafuta ya aina zote mbili nayatumia, kila moja kwa kazi yake.

Kuganda kwanza. Mengi ya mafuta tunayonunua Kenya, pamoja na yale ya kupima yanayomiminwa kutoka mtungini, yametoka kwenye mawese ya Malaysia na Indonesia, yakasafishwa hapa nchini. Karibu nusu ya mawese ni yale mafuta yanayopenda kuganda, ambayo madaktari wa moyo hutaka tuyapunguze. Kiwandani huchujwa ile sehemu nzito, lakini hata iliyobaki, takriban asilimia 40 yake bado ni mafuta hayo ya kuganda. Nakuru iko kama mita 1,850 juu ya bahari, Kisumu kama 1,130. Chupa ileile iliyokuwa maji matupu hapa Kondele, Kisumu, mwezi wa Julai huko kwako itaota ukungu mweupe. Ipashe joto kidogo itarudi, na ladha haibadiliki.

Ila kuganda huko kumekuambia jambo. Kama chupa imechorwa ua la alizeti mbele, igeuze usome nyuma, maandishi madogo. Vilivyomo huorodheshwa kuanzia kilicho kingi, kwa hiyo mawese yakitajwa kwanza, ua ni pambo. Alizeti halisi iliyosafishwa hukaa kwenye friji bila kuganda. Ile ya kijijini inaweza kupata ukungu mwepesi kwa sababu ya nta ya maganda, lakini haiwi kama uji. Na usibabaishwe na maneno "haina kolesteroli". Mafuta ya mmea wowote hayana kolesteroli ya kuhesabika, hata ya nazi, ambayo zaidi ya asilimia 80 yake ni haya ya kuganda. Wakiandika hivyo wamesema kweli na hawajakuambia kitu.

Mchanganyiko wenyewe sina ugomvi nao. Mwaka 2022 vita vya Ukraine vilipokaba alizeti ya dunia, na mwezi Aprili Indonesia ikazuia mawese kutoka kwa wiki kadhaa, sisi wa karai tulilia. Mtengenezaji akiweza kuchanganya mafuta ya aina mbili au tatu ana pa kupumulia. Shida yangu ni pale anaponiuzia ya bei ya chini kwa picha ya ile ya bei ya juu.

Sasa kukaanga. Hapa wengi mtanibishia, lakini kwa mbuta (sangara) na chipsi za kuzama ndani ya mafuta, mimi situmii alizeti ya kijijini hata nikipewa bure. Ina vumbi la mbegu na unyevu, huanza kutoa moshi jiko la makaa likiwa bado halijakolea, na mafuta ya alizeti kwa asili yake huharibika haraka yakikaa motoni muda mrefu. Mawese yaliyosafishwa huvumilia. Hata hivyo hayavumilii milele. Yakiwa meusi, yakatoa povu lisilotulia, na moshi ukaja mapema kuliko jana, hayo ni ya kumwaga. Ukimwona mtu anaongezea mapya juu ya meusi kila asubuhi, kula ugali na mboga siku hiyo.

Kwa sukuma, osuga (mnavu), mrenda, mayai, vijiko viwili vitatu moto wa wastani, hapo alizeti ya kukamua inashinda. Ina vitamini E kwa wingi na harufu yake ni ya chakula. Lakini kuna namna ya kuinunua. Uliza ilikamuliwa lini. Iache itulie siku kadhaa, mashapo yashuke, umimine ya juu kwa kitambaa. Weka kwenye chombo cheusi kabatini, mbali na dirisha na jiko, na ununue kidogo kidogo, kwa sababu ikichacha hakuna dawa. Mashudu yanayobaki mama mkwe huwapa ng'ombe, na nina hakika anayathamini kuliko mafuta.

Mafuta ya njugu karanga yanayokamuliwa mtaani nayaogopa zaidi. Njugu zilizoota ukungu hubeba sumu ya aflatoksini, na sehemu yake inaweza kuingia kwenye mafuta ghafi. Usafishaji wa kiwandani huiondoa. Kwa hiyo "ya asili" hapo haikusaidii kitu kama hukuziona njugu zenyewe. Tena tangu 2012 sheria inataka mafuta ya kupikia ya viwandani yaongezwe vitamini A, ambayo ya kijijini hayana. Kama watoto wanakula mboga za kijani na viazi vitamu vya rangi ya chungwa, hilo lisikunyime usingizi.

Kuhusu presha ya mzee, chumvi ndiyo ya kuanza nayo, na vile viungo vya mchuzi vya pakiti ambavyo ni chumvi tupu. Baada ya hapo ni kipimo. Shirika la Afya Duniani linashauri mafuta ya kuganda yasizidi asilimia 10 ya nguvu ya chakula cha siku, yaani kama gramu 22 kwa anayekula kalori 2,000. Kijiko kimoja kikubwa cha mawese yaliyosafishwa kina karibu gramu 6. Hesabu mwenyewe unapomimina kutoka kwenye mtungi bila kijiko. Yale magumu ya kopo ningeyatoa jikoni kabisa, hasa ukisoma nyuma ukute yamegandishwa kwa haidrojeni.

Ningekuwa Nakuru kama wewe, ningeweka chupa ndogo ya alizeti ya mboga za kila siku, na lita moja ya mawese kwa siku za mandazi na samaki. Ya kupima nunua tu pale mwenye duka anapokubali kukuonyesha mtungi na maandishi yake.