Binti kabadilisha ndoto mara mbili, sasa anataka kuacha fizikia na kemia: nimkazanie au nimwache?

Mzazi wa Nkuhungu, hapa Dodoma, kauliza: binti yake akiwa darasa la nne alitaka urubani, la saba akasema udaktari, sasa yupo kidato cha pili anataka sheria na anaomba aache fizikia na kemia akiingia cha tatu. Baba mtu anataka PCB tu, yaani fizikia, kemia na baiolojia za kidato cha tano na sita.

Mama, kubadilika kwenyewe kusikutie hofu. Mtafiti wa Marekani, Linda Gottfredson, alieleza mwaka 1981 kwamba watoto hufika kwenye kazi kwa kuondoa nyingine. Kati ya miaka 6 na 8 wanaziondoa zinazoonekana hazifai kwa jinsia yao. Kati ya 9 na 13 wanaondoa zile zisizo na heshima mtaani. Kuanzia 14 hivi ndipo wanaanza kujitazama wenyewe: napenda nini, naweza nini. Ndiyo maana darasa la nne limejaa marubani, madaktari na wanajeshi, na mpima ardhi hayupo. Binti yako yupo hasa kwenye umri wa kubadilisha.

Swali ni kwa nini kabadilisha, na kipimo chake ni rahisi. Mwambie akueleze mwanasheria anafanya nini siku ya Jumanne saa nne asubuhi. Akianza kueleza kusoma jalada, kuandika hati, kumhoji shahidi, hata kama anakosea, hiyo ni ndoto inayokua. Akikujibu kwamba "sheria haina hesabu" au "nitaachana na kemia", huyo anakimbia somo, hajachagua kazi. Mtu akieleza tu kile atakachokwepa, usikubali kusaini chochote bado.

Kama anakimbia, tafuta anakimbia nini. Hapa wazazi wengi tunakosea, tunasema mtoto "hana kichwa cha sayansi" tukamaliza. Kwa waliosoma shule ya msingi ya Kiswahili, kidato cha kwanza lugha ya kufundishia inageuka Kiingereza ghafla. Chukua daftari lake la kemia, chagua mada moja, mwambie akueleze kwa Kiswahili. Akieleza vizuri, tatizo ni lugha: anahitaji daftari la istilahi, maneno kumi kila wiki kwa kila somo, na mazoezi ya kuandika sentensi kamili za majibu. Asipoweza hata kwa Kiswahili, rudi nyuma zaidi. Fizikia ya kidato cha pili mara nyingi inakwama kwenye hesabu za chini: kubadili vipimo (gramu kwenda kilo, sentimita za ujazo kwenda mita za ujazo), uwiano, na kuhamisha herufi kwenye kanuni. Mtoto asiyejua kuibakiza m peke yake kwenye F = ma atafeli kila swali la mada hiyo ingawa nadharia anaijua. Hilo linatibika likizo moja kwa saa moja kila siku, tena kwa vitabu vya hesabu vya kidato cha kwanza, si kwa tuisheni ya mada mpya.

Sasa hesabu ya milango. Kutoka sayansi kwenda sheria njia ipo. Kurudi ni shida. Akiendelea na fizikia na kemia bado anaweza kusoma Kiingereza, historia na jiografia, kwa hiyo HGL (historia, jiografia na Kiingereza za kidato cha tano na sita) haimpotei. Akiacha fizikia na kemia, utabibu, uuguzi, maabara na famasi vinafungwa pamoja. Stashahada ya utabibu inataka ufaulu wa masomo manne yasiyo ya dini kidato cha nne, yakiwemo kemia, baiolojia na fizikia. D inatosha kuingia kwenye sifa, ingawa ushindani ni kitu kingine. Udaktari wa shahada unataka fizikia, kemia na baiolojia za kidato cha sita, kila moja isipungue D. Mwenye stashahada ya utabibu naye anaweza kuomba akiwa na wastani wa B au GPA 3.0, lakini wanarudi kuangalia cheti cha kidato cha nne: hisabati, kemia, baiolojia, fizikia na Kiingereza, angalau D. Kwa hiyo uamuzi wa mwaka huu unaweza kumfuata akiwa na miaka 25. Miongozo ya TCU (Tume ya Vyuo Vikuu) na NACTVET (baraza la elimu ya ufundi) hutoka kila mwaka, soma ya mwaka husika.

Watu wanaogopa kwamba masomo mengi yatashusha daraja. Daraja la kidato cha nne huhesabiwa kwa masomo saba aliyofanya vizuri zaidi, pointi 7 hadi 17 ni la kwanza. F ya fizikia kwenye masomo tisa haimgusi kama saba nyingine ni nzuri. Gharama halisi ni muda wa kusoma, na hiyo ipimeni kwa matokeo ya upimaji wa kidato cha pili: kama kemia na fizikia zote ni F na hisabati nayo F, hata baada ya kutibu lugha, mwacheni aende sanaa kwa amani.

Na baba naye asilazimishe PCB. Anayepelekwa kwa nguvu anaweza kutoka kidato cha sita na E tatu: hapati udaktari, na sheria aliyoipenda anaanza nayo kwa taabu.

Kabla ya kuamua, mpeleke akaone kazi. Dodoma tuna bahati. Bunge linapokea wageni na vikundi vya shule wakati wa vikao. Taasisi ya Jiolojia ipo mjini, utafiti wa zabibu upo Makutupora, mifugo Mpwapwa. Nane Nane pale Nzuguni, mwanzoni mwa Agosti, taasisi nyingi zinajipanga uwanja mmoja. Awe na maswali matatu ameyaandika: ulisoma masomo gani, ni sehemu gani ya kazi inakuchosha, na nani hufanya kazi hii bila shahada. Mahakamani kesi nyingi husikilizwa hadharani, mnaweza kukaa nyuma kimya mkasikiliza. Saa mbili za kuahirishwa kwa kesi zitamfundisha mengi kuhusu uwakili, na akitoka bado anaitaka, basi anaitaka kweli. Mwambie pia safari yenyewe: shahada, kisha Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo, ndipo anaapishwa kuwa wakili.

Nenda kwa mwalimu wa taaluma kabla muhula wa pili haujaisha, na daftari zake mkononi. Uliza shule ina mkondo gani, wa jumla au wa amali (mafunzo ya ufundi), na kama akianza cha tatu na sayansi anaweza kuiacha baada ya muhula mmoja. Kama inaruhusiwa, aanze nazo.