Tumetumwa Mwanza kumtumikia Mungu, sasa nimefunga begi

Shangazi, pokea salamu. Mimi ni Mkenya, mama wa miaka 62 mwenye wajukuu, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi kutoka Nyeri. Mume wangu ana miaka 66. Alikuwa karani bandarini Mombasa, na hata alipostaafu alibaki huko akitoa mizigo na rafiki yake. Jumla ni miaka 36. Nyumbani alikuja likizo, Pasaka na Desemba. Kanisa letu lilipoomba wazee wastaafu wajitolee nje ya nchi tulikubali, tukaletwa Mwanza kwa miaka miwili. Tuna miezi saba sasa, tunakaa nyumba ya kanisa hapa Buhongwa.

Mzee anafundisha wazee wa kanisa na kukagua vitabu vya hesabu. Asubuhi anaondoka kwenda kwenye mitaa, hadi Sengerema, anarudi jioni. Mimi barua ya kututuma ilisema "nitamsaidia mume wangu". Maana yake nimeijua hapa: kuchemsha chai. Kuanzia saa kumi na mbili asubuhi ni hodi hodi. Wanakaa, wanakunywa, wanaombewa, wanakwenda, wanakuja wengine. Sukari inanunuliwa kwa pensheni yangu. Jirani ananishauri nikaange mandazi niuze, angalau nipate ya sukari.

Jumatatu ndiyo siku yetu ya kupumzika, na ndiyo mbaya kuliko zote. Mzee anashinda nyumbani akikagua jikoni kana kwamba ni ghala la bandari: mkaa umekwisha haraka, sufuria haikai pale, taa inawaka ya nini. Mwezi uliopita muumini alituletea sato mkubwa. Mimi sikulelewa kwa samaki. Nikamkaanga na magamba yake. Mzee akasukuma sahani, akasema, "Huyu angepikwa wa kupaka." Nikamuuliza, "Wa kupaka ulikuwa unapikiwa na nani?" Akacheka tu.

Wiki jana nilifunga begi. Liko chini ya kitanda. Nirudi Nyeri nimwache amalize peke yake? Nikienda watasema Wakenya wameshindwa. Na je, ni dhambi kuchoka na kazi ya Bwana?

Mwalimu, Buhongwa

*

Mwalimu, pole. Na karibu Mwanza, ingawa naona waliokukaribisha walikukaribishia jikoni.

Begi liache hapo hapo. Usilifungue, usilibebe. Tuzungumze kwanza.

Nimeisoma barua yako nikitafuta kanisa lilipokuudhi, nikapata mistari michache. Iliyobaki yote ni mume. Sasa piga hesabu pamoja nami. Tuseme kila mwaka alipata wiki sita za kuwa nyumbani. Kwa miaka 36 hiyo ni miaka minne na kidogo. Una wajukuu, lakini kwa maana ya kuamka asubuhi na kumkuta mtu yule yule mezani, ndoa yenu bado changa, na imeanzia Buhongwa. Nyeri ulikuwa na nyumba yako, shamba lako, uamuzi wako. Mombasa alikuwa na chumba chake, na sufuria zake zilikaa alipotaka yeye. Hakuna kati yenu aliyewahi kuulizwa kwa nini taa inawaka.

Wanawake wa Igombe na wa visiwani wanalijua hili vizuri kuliko mimi. Mvuvi wa dagaa huingia ziwani usiku wa giza na taa zake, na mwezi ukiwa mpevu anarudi kupumzika kwa kuwa taa hazifui dafu mbele ya mbalamwezi. Mkewe anajua siku ya kumpikia kwa kutazama angani. Wanaishi hivyo miaka na miaka kwa amani kabisa. Siku mzee anapouza mtumbwi na kukaa nyumbani kutwa, ndipo unasikia kelele. Lakini hao angalau wana majirani waliozeeka nao, na dada wa kumkimbilia. Ninyi mmeanza ugenini, katika nyumba ambayo kila muumini anaiona ni yake.

Kwa hiyo simwoni mzee wako kuwa mtu mbaya. Namwona ni mtu asiyejua afanye nini siku ya Jumatatu. Karani akikosa karatasi za kukagua, atakagua mkaa.

Sasa samaki. Najua swali lililo nyuma ya lile swali. Ulipouliza alikuwa anapikiwa na nani, hukuwa unauliza mapishi, na yeye alielewa, ndiyo maana akacheka badala ya kujibu. Nitakwambia ninavyoona. Kama una jambo unalolijua, lenye jina na ushahidi, hilo si la kumalizia hapa, mbele ya majirani. Lipeleke kwa watu mnaowaheshimu wote wawili, nyumbani kwenu. Lakini kama ulicho nacho ni sahani tu, basi kumbuka kwamba mtu aliyekaa Mombasa miaka 36 angekuwa wa ajabu kama asingejua kula samaki wa kupaka. Pwani hata mseja anajua. Uchungu wako, nadhani, ni kwamba mumeo ana chakula anachokipenda na wewe hukuwahi kukijua. Huo ni uchungu wa haki kabisa. Mwambie hivyo hivyo, bila kuzunguka: "Kuna mambo yako mengi sijui, na naona aibu kuyajulia mbele ya wageni."

Halafu apike yeye! Ninasema kweli. Mpe pesa, aende sokoni mwenyewe achague sato, muuzaji atamparia magamba na kumpasua tumbo pale pale, ndiyo kazi yao. Nazi zinapatikana, ndimu zipo, mkaa anao, tena atajua mwenyewe unakwisha kwa nini. Aliyeonja ndiye apike. Wewe kaa kwenye kigoda umtazame anavyobanika na kupaka tui, umuulize alijifunzia wapi. Mtu akiwa na mikono jikoni hujibu maswali ambayo mezani angeyacheka.

Tuje kwa kanisa, maana nalo halitoki salama. Waliowatuma waliandika kazi ya mmoja, wakamsindikiza wa pili kama mzigo wa mkononi. Nimeona hayo kwa makanisa mengi, ya wageni na ya kwetu: mzee ana ratiba, mkewe ana birika. Wewe umefundisha watoto kusoma karibu maisha yako yote. Hakuna aliyekuuliza? Basi usingoje kuulizwa, wala usimtume mzee akuombee. Nenda mwenyewe kwa mchungaji, useme unataka kazi yenye siku na saa. Kwa mfano, Jumatano na Ijumaa alasiri, darasa la akina mama wasiojua kusoma vizuri. Wapo, hata kama kanisani wanashika kitabu cha nyimbo kama wenzao. Wapo pia wanaowekeza kwenye kikoba cha kuweka na kukopa na hawawezi kuhakiki daftari lao. Au wachukue walimu wa Shule ya Jumapili, vijana wenye moyo ambao hawajawahi kufundishwa namna ya kumtuliza mtoto wa miaka sita. Ukianza tu, utaona jinsi watakavyobadilisha jina lako. Hawatakuita tena mke wa mzee.

Na darasa hilo liwe la bure. Hapa nakuonya na lile la mandazi. Wamisionari na wanaojitolea hupewa kibali cha ukaazi daraja C, na hicho si cha kufanya biashara. Jirani yako ana nia njema, lakini yeye ni raia. Kabla hujawasha jiko la biashara, hata ndogo, uliza Uhamiaji. Sitaki urudi Nyeri kwa njia hiyo.

Hodi. Hili ni gumu kidogo, kwa sababu huku kwetu mlango wa mtumishi hauna saa, na Msukuma akija kusalimia hasalimii amesimama. Atauliza wa nyumbani, wa kazini, mvua za kwenu, ng'ombe kama wapo. Huko si kukusumbua, ndiyo heshima yenyewe. Lakini hata wenyeji wana mchana wao wa kulala. Mwombe mchungaji atangaze Jumapili kwamba kuanzia saa saba hadi saa kumi nyumba ya wazee imepumzika. Atangaze yeye, usitangaze wewe. Mgeni akifunga mlango anaringa. Mchungaji akitangaza ni utaratibu. Weka benchi nje, kivulini, anayekuja mapema apate pa kukaa. Wala si kila hodi inadai chai. Maji ya kunywa yanatosha, na msimu wa michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, ukiwa mzuri, weka bakuli. Watakupenda zaidi kwa michembe kuliko kwa mikate.

Sukari mpe mzee aiandike. Si mkaguzi? Mwombe kwa upole, kwa wiki moja, aweke kwenye daftari kila kikombe kilichonywewa katika nyumba hiyo na kimelipwa na nani. Usiseme kitu. Ngoja tu ajumlishe. Kisha muulize kama kanisa linalomtuma kukagua matumizi ya wengine lina fungu la wageni wake. Pensheni yako ni jasho lako, na kutoa ni jambo jema, ila anayetoa awe amekubali kutoa.

Ukipata msichana wa kukusaidia kazi, mlipe. Nimewachoka watumishi wanaotumia mabinti wa kwaya kufua na kupika "kwa ajili ya Bwana".

Kuhusu Jumatatu, tokeni. Nyumba hiyo Jumatatu ifungwe kabisa. Pandeni daladala mwende mjini, mtembee Capri Point, mkae mtazame Mwamba wa Bismarck kama watu wengine. Siku mkiwa na pesa kidogo, pandeni boti hadi Saanane. Ni hifadhi ya taifa ndogo sana, kisiwa tu hapo karibu na mji, na raia wa Afrika Mashariki halipi kiasi cha mtalii wa Ulaya. Bebeni chakula. Mtaongea au mtanyamaza, yote sawa, lakini hapatakuwa na sufuria ya kukagua. Miguu tu msiitie majini ufukweni, hata kama watoto wanaogelea. Kichocho kipo katika ziwa hili.

Na kwa kuwa mmetoka Nyeri kwenye baridi, laleni ndani ya neti kila usiku. Homa ikija, kapimeni malaria siku hiyo hiyo, msimeze panado mkangoja. Alexander Mackay, yule mmisionari Mskoti, alifia Usambiro, kusini mwa ziwa hili hili, mwaka 1890, kwa malaria, akiwa na miaka 40. Ninyi mmeshapita 60. Kama mzee anatumia dawa za presha, hakikisha zinabebwa kwenye mkoba wake anapokwenda Sengerema. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025 wanavuka kilomita tatu kwa dakika chache, na ule muda ambao zamani wangekingoja kivuko huku wakipumzika, sasa wanaongeza mtaa mwingine wa kutembelea. Nawajua. Mzee hatakwambia amechoka, kwa hiyo mtazame.

Umeuliza kama ni dhambi kuchoka. Eliya alichoka, akaketi chini ya mti wa mretemu, akaomba afe, akalala. Malaika hakumhubiria. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale tena. Nadhani nimekujibu.

Limebaki begi. Zungumza na mzee wiki hii, lakini isiwe Jumapili wala wakati wa chakula. Mpe miezi mitatu, na tarehe uitaje. Useme unataka kazi yako, mchana wako na Jumatatu yako, na kwamba jikoni akiingia aingie kupika. Wanaume wengi wa umri wake wakiambiwa jambo kwa tarehe wanalishughulikia. Wakiambiwa kwa kununa, wanasema mama ana homa. Mambo yakitengemaa, begi litajifungua lenyewe.

Yasipotengemaa, nenda nyumbani mwezi mmoja ukaone wajukuu. Ni likizo kama alizokuwa anakuja nazo yeye, na wewe hukuwahi kuambiwa kwamba mumeo ameshindwa Mombasa kila alipokuja Pasaka. Watakaosema watasema hata ukibaki. Basi za Sirari zinaondoka alfajiri, kwa hiyo ulale mapema. Kata tiketi ya kwenda tu. Nauli ya kurudi mwachie mzee aitume. M-Pesa inavuka mpaka siku hizi, hatakuwa na kisingizio.

Shangazi