Kompyuta inawaka, ila haiingii Windows

Tutofautishe kwanza. "Haiwaki" ni jambo moja, na "inawaka ila haiingii" ni jambo lingine. Taa ikiwaka, feni ikazunguka na nembo ya kampuni ikatokea, mara nyingi mashine ni nzima, ila haijui ianzie wapi. Wote walioniuliza safari hii wako kundi hilo la pili, na karibu wote walikuwa wanajiandaa kupiga Windows upya. Subirini kidogo.

Shikamoo fundi. Nimepiga Windows kwa flashi. Ikifika asilimia 100 inajizima, ikiwaka inarudi pale pa kuchagua lugha. Nimerudia mara tatu. Morogoro

Marahaba, mwanangu. Flashi bado umeichomeka, na mashine inaisoma hiyo kabla ya diski. Inapojizima mara ya kwanza tu, ichomoe. Kazi iliyobaki inamalizikia kwenye diski.

Fundi alichukua diski ya laptopu yangu, akaipigia Windows 10 kwenye kompyuta yake ya mezani ya zamani. Nimeirudisha, skrini nyeusi, inasema haioni kifaa cha kuwashia. Diski imekufa? Kahama

Haielekei, na usinunue nyingine kwanza. Linaniuma sana hili, kwa sababu nimeona watu wakiuziwa diski mpya na ya zamani haina kosa.

Kompyuta huanza kwa njia mbili. Ya zamani, Legacy, husoma baiti 512 za mwanzo kabisa wa diski na kufuata maelekezo yaliyomo. Ya sasa, UEFI, hutafuta kipande kidogo cha diski cha aina ya FAT32, ndani yake mna faili la kuwashia linaloishia na .efi. Windows iliyopigwa kwa Legacy hukaa kwenye diski iliyogawanywa kwa mtindo wa MBR. Ya UEFI hukaa kwenye GPT. Kwa maelezo yako, kompyuta ya fundi ilikuwa Legacy na laptopu yako inatafuta UEFI.

Izime, iwashe huku unabonyeza F2 (nyingine ni F10, Esc au Delete). Tafuta palipoandikwa Boot Mode, andika karatasini palivyokuwa, kisha weka Legacy au CSM (ni jina lingine la njia hiyo ya zamani). Ikiingia Windows, nakili mafaili yako kwanza pembeni. Halafu fungua Command Prompt (dirisha la kuandikia amri) kama msimamizi, andika:

mbr2gpt /validate /allowFullOS

Ikikubali, rudia amri hiyo ukiweka convert mahali pa validate, kisha rudisha UEFI. Chombo hiki, kinachogeuza diski ya MBR iwe GPT, kimo ndani ya Windows 10 tangu toleo 1703 na hakikuundwa kufuta mafaili. Hukataa diski yenye vipande vikuu zaidi ya vitatu. Kama laptopu yako haina Legacy kabisa, mrudishie fundi aifanyie kazi hiyo kwenye mashine yake.

Nilifuta Ubuntu (mfumo wa Linux niliouweka pamoja na Windows) nikiwa ndani ya Windows nipate nafasi. Sasa naona "grub rescue>" tu. Iringa

GRUB ni bawabu aliyewekwa na Ubuntu kuchagua mfumo upi uwake, na wewe umefuta chumba chenye maelekezo yake. Kama ni UEFI, ingia kwenye mpangilio wa kuwasha, upandishe Windows Boot Manager iwe ya kwanza. Kama ni Legacy, washa kwa flashi ya Windows, ingia sehemu ya ukarabati hadi Command Prompt, andika bootrec /fixmbr. Windows yako ipo.

Nikichomoa umeme saa inarudi miaka nyuma, na mpangilio wa kuwasha unapotea. Tanga

Badilisha betri ya saa. Kwa kompyuta nyingi ni CR2032, ya volti 3.

Niligusa Secure Boot, ule ulinzi wa wakati wa kuwasha, ili niweke Linux. Laptopu ya kazini sasa inadai namba ya tarakimu 48 kwenye skrini ya bluu. Fundi anasema tufomati. Mombasa

Usikubali, dada yangu. Hiyo ni BitLocker, kufuli la diski, na imeona mpangilio umebadilika. Mwalimu mmoja aliniletea laptopu iliyokwisha kufomatiwa. Mkononi alikuwa na karatasi, namba zote kazinakili kwa kalamu, makundi manane ya tarakimu sita sita. Namba zilikuwa za kufuli hilo kweli, lakini maksi za darasa zima zilikuwa zimeshafutwa.

Rudisha Secure Boot ilivyokuwa. Mara nyingi hufunguka yenyewe. Ikigoma, mwombe ufunguo mtu wa kompyuta ofisini kwenu. Laptopu ikiwa ya mtu binafsi, aingie kwa simu kwenye akaunti yake ya Microsoft. Ukikuta funguo kadhaa, chukua ule ambao kitambulisho chake kinaanza kwa herufi zilezile zilizo kwenye skrini.