Shill ni nani, na mimi humtambuaje

Kaa kidogo kwenye kundi lolote la wanunuzi wa sarafu za kidijitali, utaona mtu akiitwa "shill". Mara nyingi ni tusi tu la kumnyamazisha aliyesifia kitu ambacho wengine hawakipendi. Lakini neno lina maana yake. Shill husifia bidhaa au mradi akijifanya mteja wa kawaida, kumbe analipwa. Mpiga debe wa stendi ana nafuu: anapayuka mchana kweupe na kila abiria anajua anakula kwa nani. Shill yeye amejichanganya na abiria.

Neno lilianza kuonekana kwenye maandishi ya Marekani miaka ya 1910, katika lugha ya watu wa sarakasi, maonyesho ya kuhamahama na kamari. Mwenye meza anachanganya karata, "mgeni" anajitokeza kwenye umati, anaweka dau, anashinda, anashangilia. Waliokuwa wakisitasita wanaingiza mkono mfukoni. Baadaye mshindi anarudisha pesa kwa mwenye meza na kuchukua ujira wake.

Siku hizi hata watu maarufu wanaingia humo. Oktoba 2022, Kim Kardashian alikubali kulipa dola milioni 1.26 baada ya tume ya masoko ya mitaji ya Marekani kusema aliitangaza sarafu ya EthereumMax kwenye Instagram bila kuweka wazi kwamba alilipwa dola 250,000. Kusifia hakukuwa kosa. Kosa lilikuwa kuficha malipo.

Mimi, kabla ya kusoma sifa, hufungua akaunti ya anayesifia. Nikikuta maoni yake yote ni ya nyota tano, yote ya kampuni moja na yameandikwa wiki moja, sina haja ya kuendelea. Kisha huenda kwa waliotoa nyota tatu. Hao ndio watakaokwambia waya wa chaja ni mfupi au kitufe kinakwama.

Mwisho huuliza: "Nini kinakukera kwenye hiki kitu?" Aliyekitumia kweli hakosi lalamiko. Anayelipwa atarudia sifa zilezile, atakuita mwoga, au atakwambia mwongee faragha.

Ila tusimwonee kila mwenye mapenzi na simu yake. Yupo anayeweza kukuchosha kwa sifa na hajapewa hata senti. Huyo ni mshabiki tu, na ukimuuliza kasoro atakutajia, tena kwa uchungu.