Insulini, chumvi na figo: maswali yenu ya wiki hii

Wiki iliyopita niligusia tu kwamba insulini inaifanya figo ing'ang'anie chumvi, nikapita zangu, kumbe nimechokoza mzinga wa nyuki. Nimechagua maswali machache, mengine yalikuwa yanafanana.

Mwalimu, insulini si ya sukari? Chumvi imeingiaje hapo?

Ya sukari ndio, lakini haina kazi moja. Figo zako zinachuja kama lita 180 kwa siku, na humo ndani kuna sodiamu ambayo ukiihesabu kama chumvi ya mezani inafika karibu kilo moja na nusu, yaani pakiti tatu za nusu kilo, kila siku ya Mungu. Zaidi ya asilimia 99 inarudishwa kwenye damu, kwenye mkojo zinatoka gramu chache tu. Sasa huko kwenye kurudisha ndo insulini inapotia mkono. Mwaka 1975 mtafiti DeFronzo na wenzake waliwapa watu wazima wa afya insulini kwa dripu, huku wanawaongezea glukosi ili sukari isishuke, na sodiamu kwenye mkojo ikapungua karibu nusu. Figo zilikuwa zinachuja vilevile na homoni ya aldosteroni, ambayo nayo huiambia figo ishike chumvi, haikubadilika, kwa hiyo hakuna wa kumsingizia, ni insulini yenyewe.

Shikamoo mwalimu. Nasoma uuguzi, naomba unieleweshe ndani ya seli kinatokea nini hasa.

Marahaba mwanangu. Chukua mrija wa nefroni, yaani kile kichujio kidogo cha figo na bomba lake. Mwanzoni kabisa panarudishwa kama theluthi mbili ya sodiamu, na mlango mkubwa pale unaitwa NHE3, unaingiza sodiamu moja na kutoa haidrojeni moja, insulini inauchangamsha. Ila utamu uko mwishoni mwa mrija, kwenye mlango unaoitwa ENaC, maana hapo ndo mwili unaamua kiasi cha mwisho kabla mkojo haujaondoka.

Hiyo milango haikai milele. Kuna protini inaitwa Nedd4-2, kazi yake inafanana na wale jamaa wanaopita kuchora X nyekundu kwenye nyumba zilizo ndani ya barabara: ENaC ikichorwa X (alama yenyewe inaitwa ubikwitini) inang'olewa kwenye utando, inavutwa ndani na kuvunjwa. Sasa insulini ikishika kipokezi chake upande wa damu, inawasha kimeng'enya PI3K, nacho kupitia wenzake kinakiwasha kimeng'enya kingine, SGK1, na SGK1 inaibandika Nedd4-2 fosfati, hapo kuna protini nyingine zinaidaka Nedd4-2 na kuishikilia isiende kuchora. Mchoraji kakamatwa, nyumba zinabaki, milango inakuwa mingi, sodiamu inaingia. Upande wa pili wa seli kuna pampu inayotoa sodiamu tatu kwenda kwenye damu na kuingiza potasiamu mbili, hiyo nayo insulini inaisukuma. Maji yanafuata chumvi.

Ukitaka kujua huyo mchoraji ana umuhimu gani, soma ugonjwa wa Liddle. Hao watu wamezaliwa na ENaC isiyo na mahali pa Nedd4-2 kushika, kwa hiyo X haichorwi na presha inapanda tangu ujanani. Dawa yao ni amiloride, inaziba mlango wenyewe.

(Mengi ya haya yalisomwa kwenye seli za figo ya chura, Xenopus laevis wa kusini mwa Afrika. Wanaziotesha, wanapima umeme unaopita, wakitia insulini umeme unapanda. Chura ametusaidia sana na hatumshukuru.)

Mimi ni kisukari aina ya pili, niliambiwa mwili umekuwa sugu kwa insulini. Si figo nayo ingekuwa sugu, chumvi itoke?

Ungetamani iwe hivyo. Shida ni kwamba usugu hauji kila mahali sawasawa. Misuli na mafuta vinaziba masikio, kongosho linaona halisikiki linapiga kelele zaidi, insulini inajaa kwenye damu, afu figo kwa upande wa chumvi bado inasikia vizuri kabisa. Sababu mojawapo ni kwamba kwenye mafuta ujumbe unapita sana kwa protini IRS1, ambayo ndo inayochoka, wakati mwanzoni mwa mrija wa figo unapita zaidi kwa IRS2, yenyewe inabaki nzima. Kwa hiyo unashika chumvi kuliko inavyotakiwa. Ila usiseme presha yako yote ni insulini, maana pia inatanua mishipa, na watu wenye uvimbe wa kongosho unaomwaga insulini kwa kawaida hawana presha. Uzito, figo zenyewe na neva navyo vimo.

Mama ameanza sindano za insulini, wiki ya pili miguu imevimba. Tuziache?

Msiache, tafadhali. Inatokea, hasa kwa mtu aliyekaa na sukari juu muda mrefu afu ikashushwa haraka, na mara nyingi inaisha yenyewe. Lakini uvimbe wa miguu unaweza kuwa moyo au figo, mpelekeni wampime kreatinini kwenye damu (inaonyesha figo zinavyochuja) na protini kwenye mkojo. Akihema kwa shida au akishindwa kulala chali, ni siku hiyohiyo, msisubiri kliniki.

Nimeacha ugali na wali, wiki moja kilo tatu zimekwenda! Ni mafuta eeh?

Dada, mengi ni maji. Wanga ukipungua insulini inashuka, figo inaiachia chumvi na maji yanaondoka nayo, pamoja na yale yaliyokuwa yamekaa na akiba ya wanga kwenye ini na misuli. Ndo maana wengine wanasikia kizunguzungu siku za mwanzo, na kama unameza dawa za presha mwambie daktari wako mapema. Jumamosi ukikaa kwenye pilau ya harusi, mzani wa Jumatatu usikutishe, ni njia hiyohiyo inarudi nyuma.